Kodi ya Pili

Mlango wa jiko langu ulikuwa umefika nusu. Upande wa kulia ulikuwa tayari na rangi ya buluu, mkono wa kwanza, bado mbichi. Upande wa kushoto ulibaki na ile kahawia niliyoikuta, iliyobabuka kuzunguka kitasa. Hapo simu ikaita. Alikuwa mama mwenye nyumba. Kwa upole kabisa akanieleza kwamba mkataba ukiisha hataongeza, kijana wake anaoa na atahamia humu na mkewe. Imebaki miezi mitatu. Nikamshukuru kwa kuniarifu mapema, nikaizamisha brashi kwenye kopo la maji isikauke, nikakaa kwenye kigoda.

Mezani palikuwa na barua ambayo sikuwa nimeijibu. Mimi huandika kuhusu nyumba: namna ya kugeuza mbao za paleti kuwa rafu, namna ya kushona mapazia kwa kanga mbili, namna ya kuziba ufa kabla ya kupaka rangi. Barua nyingi ninazopokea huuliza vipi. Hii iliuliza jambo jingine. Mwandishi wake ni mama wa watoto wawili, amepanga chumba na sebule Mbagala. "Dada," aliandika, "kwa nini nipambe nyumba ya mtu? Pesa yangu na jasho langu, halafu nahama naacha."

Juma lililopita ningemjibu haraka. Jioni ile, nikiutazama mlango wangu wa rangi mbili, swali lake lilikuwa limekuwa langu. Nikatoa daftari zangu za safari. Nikiwa ugenini huwa siandiki sana habari za vyakula wala hoteli. Napima kuta kwa shibiri, nachora rafu na madirisha, nauliza nani alipaka hapa na atapaka tena lini. Nikayasoma upya maandishi ya sehemu nne, nikitafuta jibu la mama wa Mbagala.

Lamu

Basi la kutoka Mombasa hupita Malindi na Garsen, likaishia Mokowe. Hapo barabara inakwisha na boti inaanza. Nilikwenda kwa ajili ya zidaka, zile safu za vishubaka vya chokaa zinazojaza ukuta mzima katika nyumba za kale za Waamu. Nilikuwa nimeziona pichani mara nyingi, na nia yangu ilikuwa kuwafundisha wasomaji namna ya kuziiga kwa jipsamu.

Nyumba ya kale ya Lamu huingiwa kwa hatua. Kwanza daka, kibaraza cha mlangoni ambako mgeni hukaa akangoja. Kisha kiwanda, ua ulioachwa wazi kwa mbingu. Kisha misana, vyumba virefu vyembamba, kimoja nyuma ya kingine, na sakafu hupanda kidogo kadiri unavyoingia. Mwisho ni ndani, chumba cha faragha kuliko vyote, na humo ndimo zilimo zidaka. Wembamba wa vyumba hivyo ulinisumbua mpaka nilipoinua macho. Dari imelala juu ya boriti za mikoko, na boriti ya mkoko haibebi upana unaozidi mita tatu hivi. Chumba unaweza kukirefusha utakavyo, lakini kukipanua huwezi. Niliandika daftarini: "Mti ndio uliopima nyumba."

Kisha nikakaa ndani, nikatazama mwanga. Huingia kutoka kiwandani, hupita misana, na ukifika ndani umekwisha kupungua nguvu. Zidaka ndizo zinazoupokea. Kila kishubaka hukamata mwanga kidogo kwenye ukingo na kuacha kivuli kidogo kwenye tumbo lake, na ukuta wa nyuma kabisa, ambao ungekuwa giza tupu, unapata kina. Humo ziliwekwa bakuli za Kichina, vitabu na vitu vya thamani vya nyumba. Nilikuwa nimezichukulia kuwa pambo. Nilipokaa nazo saa nzima niliona zinafanya kazi ya taa. Hata chooni, kwenye birika la maji, watu walifuga visamaki wale viluwiluwi vya mbu. Kila kitu kizuri katika nyumba ile kilikuwa na kazi yake.

Asubuhi ya pili nilimkuta mzee mmoja akipaka chokaa daka la nyumba ya dada yake. Aliniambia nyumba ile babu yao alimpa binti yake alipoolewa. Kwa Waamu wenye uwezo ilikuwa desturi kumjengea binti nyumba, au kumwongezea ghorofa juu ya ile ya wazazi. Pengine hujengwa wikio, chumba kinachovuka juu ya kichochoro, kikaziunganisha nyumba za ndugu bila wanawake kushuka njiani.

Nilimwomba anifundishe chokaa, akaniachia brashi. Mawe ya matumbawe, alisema, hupangwa juu ya magogo na kuchomwa. Yakishaiva hunyweshwa maji, yakavunjikavunjika na kuwa unga, kisha uji. Ukiipaka, mara ya kwanza ukuta unaonekana kama umelowa maji tu, hakuna weupe. Nikaongeza uzito, akanizuia mkono. "Hapana, mwanangu. Nyembamba. Ingoje." Baada ya saa moja weupe ulianza kujitokeza wenyewe, kama mtu anayefumbua macho. Baadaye nilisoma sababu yake. Moto hulitoa jiwe hewa ya kaboni iliyomo. Chokaa ikipakwa huivuta tena hewa hiyo kidogo kidogo, siku kwa siku, ikarudi kuwa jiwe. Mpaka chokaa anairudisha ngozi ya jiwe mahali pake.

Nikamuuliza atamaliza lini. Akacheka kidogo, akaupapasa ukuta kwa kiganja. "Nyumba hii hula chokaa kula mwaka. Ndiyo kodi yake."

Katika Kiamu "kula mwaka" ni "kila mwaka", nami nililijua hilo. Hata hivyo, sikio langu la bara lilisikia maneno yote mawili kwa maana ya kula, na nadhani nilisikia sawasawa. Bahari haiko mbali na ukuta ule hata hatua mia. Chumvi hupanda na upepo, mvua ya masika hushuka, na kila mwaka ukuta unapoteza ngozi yake nyembamba. Nyumba ni ya ukoo, hati wanayo, hakuna dalali atakayegonga mlango. Bado mzee yule alikuwa akilipa. Pembeni ya mchoro wa kidaka niliandika maneno matatu: "Kodi ya pili." Ya kwanza hulipwa mwenye nyumba. Ya pili nyumba huidai yenyewe, na haipokei pesa, inapokea mikono tu.

Unguja

Kwa Mji Mkongwe wa Zanzibar daftari langu limejaa milango, kama la kila mgeni. Mlango wa mtindo wa Kiarabu, wenye kizingiti cha juu kilichonyooka na kuchongwa nakshi. Mlango wa mtindo wa Kihindi, wenye tao juu na njumu za shaba mbavuni. Mnyororo uliochongwa kuzunguka fremu, samaki chini karibu na ardhi, na mfaa katikati unaozifunga mbao mbili zikawa kitu kimoja. Nayapita hayo, kwa kuwa kilichonishika safari hii kilikuwa nyuma ya milango.

Nilifikia kwa familia inayokaa ghorofa ya kwanza ya nyumba kubwa ya mawe. Nyumba nyingi za namna hiyo zilitaifishwa baada ya Mapinduzi ya 1964, zikapangishwa, familia moja chumba hiki, nyingine kile. Mwenyeji wangu aliniamsha alfajiri kunionyesha ukuta wa ngazi. Ulikuwa umepigwa plasta ya saruji, laini, imara. Aliigonga kwa kidole, ikalia kama mtungi mtupu. Akabandua kipande kilichokuwa kimetengana, na nyuma yake jiwe la matumbawe lilimwagika mkononi mwake kama sukari iliyolowa.

Fundi wa jirani alinieleza. Ukuta wa matumbawe hunywa unyevu toka ardhini na hewani. Ukivikwa chokaa, unyevu ule hutoka taratibu, ukuta ukapumua. Ukivikwa saruji, unyevu haupati njia. Hubaki ndani pamoja na chumvi yake, hulimumunya jiwe, kisha huifikia ncha ya boriti iliyochomekwa ukutani, ikaoza mahali ambapo hakuna jicho linaloona. Nyumba huugulia ndani, huku uso wake unang'aa.

Maneno hayo yalinichoma. Miaka michache kabla niliwahi kuandika makala ya kuisifu plasta ya saruji kwa nyumba za zamani za pwani, kwa kuwa haimeguki na haihitaji kurudiwa. Haihitaji kurudiwa: hilo nililitaja kuwa sifa. Nilikosea, na nilipofika nyumbani niliandika kusahihisha. Nilikuwa nimewafundisha watu kukwepa kodi ya pili, na deni lake huja kulipwa kwa mkupuo. Mji ule wote unalijua hilo tangu tarehe 25 Desemba 2020, pale sehemu ya Beit el-Ajaib, jumba lililojengwa na Sultani Barghash mwaka 1883, ilipoporomoka mchana huku kazi ya ukarabati ikiendelea. Watu wawili walifariki. Kuporomoka kwa jengo kubwa vile huwa na sababu nyingi, nami si mhandisi. Lakini nilisimama mbele ya pengo lile nikijua kwamba uzuri usiohudumiwa unaweza kuua.

Ndani ya chumba cha mwenyeji wangu, hata hivyo, kulikuwa na somo jingine. Ukuta wa ngazi haukuwa wake kuubandua wala kuupiga chokaa, kwa kuwa ni wa wapangaji wote na wa mwenye jengo. Lakini chumbani kulikuwa na kitanda cha samadari cha bibi yake, chenye miguu iliyochongwa. Sakafuni mkeka wa ukindu, na ukutani mwingine. Alinionyesha jinsi unavyofanyika. Ukindu hukaushwa, hutiwa rangi, husukwa ukili mrefu kama utepe, kisha ukili hushonwa upande kwa upande mpaka uwe mkeka. "Hii yote," alisema, "tumehama nayo mara tatu." Kisha akaukunja ule wa ukutani ili nione. Ulikunjika ukawa mnene kama mkono wangu.

Nikalinganisha: Lamu pambo ni ukuta wenyewe, haling'oki. Hapa pambo limejifunza kutembea.

Nyakarambi

Kutoka Dar es Salaam kwenda Kigali kwa basi ni safari ya kuuchosha mgongo. Unapita Dodoma, Singida, Kahama, na mwisho Rusumo, ambako mto Kagera unaanguka chini ya daraja na nchi inabadilika. Mwendo mfupi baada ya mpaka, katika wilaya ya Kirehe, ndipo ulipo mji mdogo wa Nyakarambi, nyumbani kwa imigongo. Jina halihitaji mkalimani. Imigongo ni migongo. Ni matuta membamba yaliyoinuka juu ya ubao au ukuta, yakienda pembe kwa pembe, duara ndani ya duara, kwa rangi nyeusi, nyeupe na nyekundu.

Masimulizi ya huko yanasema aliyeianzisha ni Kakira, mwana wa mfalme Kimenyi wa Gisaka, aliyetaka nyumba yake iwe safi na iwe na uzuri. Kitu alichokitumia ndicho kila mfugaji alicho nacho mlangoni, yaani samadi ya ng'ombe. Baada ya mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi ya mwaka 1994, sanaa hii ilifufuliwa na wanawake waliojiunga katika ushirika, na baadhi yao walikuwa wamepoteza waume na watoto. Nilipoingia kwenye karakana yao nilikaa kimya kwa muda. Wanawake watano walikuwa wamekaa chini, miguu imenyooshwa, mbao mapajani, wakifanya kazi inayohitaji mkono usiotetemeka.

Kiswahili ni moja ya lugha rasmi za Rwanda tangu 2017, na katika mji ule wa karibu na mpaka tulielewana bila shida. Dada mmoja alinionyesha hatua zote. Samadi ya ndama ndiyo laini. Huchanganywa na majivu, nayo huondoa harufu na wadudu. Mabombwe huchorwa kwanza, kisha matuta hujengwa juu ya mistari kwa ncha za vidole, kidogo kidogo. Yakikauka husuguliwa kwa msasa mpaka yawe laini kama mfupa, ndipo rangi ifuate. Nyeupe hutoka kwenye udongo mweupe, nyekundu kwenye udongo mwekundu. Nyeusi ndiyo yenye kazi. Kwa asili ilitengenezwa kwa majivu ya maganda ya ndizi, utomvu wa mshubiri, na matunda ya mti wa jamii ya ndulele.

Alinipa ubao mdogo. Tuta langu la kwanza lilipasuka lilipoanza kukauka. "Umebonyeza," alisema. "Usibonyeze. Livute." La pili lilipasuka. La tatu lilisimama. Nilipomshukuru alinitazama mikono, akasema, "Zamani mama zetu walifanya ukutani. Mvua ikiharibu, wanafanya tena. Sasa tunafanya kwenye ubao, ili mtu aende nao."

Niliandika maneno yake na kuyapigia mstari. Hapa palikutana Lamu na Unguja. Ukuta wa udongo ulidai kodi ya pili kama ukuta wa matumbawe, kwa samadi badala ya chokaa, na wanawake ndio waliokuwa wakilipa. Kisha sanaa ikashuka ukutani, ikapanda ubaoni, ikapata miguu kama mkeka wa ukindu. Haikupungua. Nina ubao mmoja hapa, duara jeusi ndani ya jeupe. Umening'inia kwa uzi wa kuvulia samaki kutoka kwenye fimbo ya pazia, maana mkataba wangu unakataza misumari.

Charleston

Mdogo wangu anaishi Brighton, kusini mwa Uingereza. Nilipomtembelea nilimwomba zawadi moja tu: tupande treni hadi Lewes, kisha twende Charleston, nyumba ya shamba iliyo chini ya vilima vya Sussex. Nilikuwa nimeisoma muda mrefu. Kilichonivuta kuliko vyote ni kwamba ilikuwa nyumba ya kupanga.

Mchoraji Vanessa Bell alihamia humo mwaka 1916, vita vikuu vikiendelea. Alikuwa na wanawe wawili, mchoraji mwenzake Duncan Grant, na mwandishi David Garnett. Grant na Garnett walikataa kupigana, hivyo walitakiwa kufanya kazi ya shamba, na nyumba ilihitajika karibu na shamba. Dada yake, Virginia Woolf, aliyekaa si mbali, ndiye aliyemwandikia kumweleza kuhusu nyumba hiyo. Ilikuwa mali ya wenye ardhi kubwa ya Firle. Umeme haukuwepo, starehe hazikuwepo. Wakaanza kupaka.

Walipaka kila kilichokaa kimya. Milango ina vyungu vya maua kwenye mbao zake za chini. Fremu za mahali pa moto zina duara na mistari. Meza ya duara ya chumba cha kulia imechorwa juu, mahali pale pale pa kuweka sahani, na kuta za chumba hicho zimepigwa mabombwe kwa kiolezo, moja moja, kwa mkono. Juu ya meza ile kumening'inia kivuli cha taa cha udongo wa kuchoma, kimetobolewa matundu kama chujio, kazi ya Quentin, mwana wa Vanessa. Taa ikiwaka, matundu humwaga nukta za mwanga. Nilisimama pale nikakumbuka zidaka. Hapa pia, mtu aliona giza la chumba chake akalitafutia kazi.

Nilitazama kwa jicho la fundi. Mistari haikunyooka. Mahali pengine rangi ilipakwa bila kwanza kuandaa mbao, nayo imepasuka. Ukiinama unaona brashi ilipoishiwa rangi na ilipochovywa tena. Katika majarida ya nyumba, kazi ya namna hiyo tunairudia kabla ya kupiga picha. Pale nilijiona ninawajua waliopaka, kwa sababu mkono wao ulikuwa bado upo.

Vanessa alifariki humo mwaka 1961. Duncan alibaki mpaka karibu na kifo chake mwaka 1978. Nikahesabu miaka kwa vidole: zaidi ya 60 katika nyumba ya mtu. Hawakungoja hati. Baada yao watu walichanga, wakakarabati, na tangu 1986 nyumba iko wazi kwa wageni. Leo wapo wanaofanya kazi ya kuzuia jua na unyevu visile rangi zile, kodi ya pili ikilipwa na mikono mingine.

Lakini jikoni kuna jambo ambalo sikulikuta kwenye vitabu vya picha. Ni kibao cha udongo ambacho Quentin Bell alikitengeneza kumkumbuka Grace Higgens. Alianza kuwatumikia mwaka 1920 akiwa msichana wa miaka 16, akaihudumia nyumba ile kwa takriban miaka 50. Alipika, alifua, aliwasha moto, alipangusa majivu kwenye fremu zile zile zilizochorwa. Wachoraji walipata muda wa kuchora kwa sababu yeye alikuwa macho. Nikiwa mwanamke niliyetoka kwenye nchi ambako dada wa kazi huamka kabla ya wote, sikuweza kupita kibao kile haraka. Ukiorodhesha waliolipa kodi ya pili ya Charleston, jina la Grace linakaa juu.

Tabata

Nilipofunga daftari la mwisho, kwangu Tabata, ilikuwa karibu saa tano usiku, na feni ilikuwa ikizungusha harufu ya rangi. Nikaanza kulinganisha kwa mistari, kama nifanyavyo kila safari. Lamu wana hati na bado wanapaka. Unguja wapangaji wengi wanakaa chini ya dari moja. Ukuta wa wote ulikosa wa kuuhudumia, ila kila chumba kilikuwa na mkeka wake. Nyakarambi mvua ilikuwa ndiyo mwenye nyumba, na wanawake walimjibu kwa vidole. Charleston walikuwa wapangaji wenye uwezo na wenye mtumishi, na ukuta waliouchora haukuwa wao.

Kwa miaka nilidhani watu wamegawanyika mara mbili, wenye nyumba wanaopamba kwa sababu ni yao, na wapangaji wanaongoja. Kumbe katika nyumba zote nne hakuna niliyemkuta amemaliza. Anayemiliki hupoteza ukuta wake kwa chumvi, anayepanga huupoteza mkataba ukiisha. Kuna kazi ambayo nyumba humdai yeyote anayelala ndani yake, na mtu akiifanya kwa mkono wake, mahali pale panamtambua. Asipoifanya, panamezwa na unyevu, au panabaki kuwa ghala la vitanda na masufuria.

Nikachukua karatasi, nikamwandikia mama wa Mbagala.

Nilianza na yale ya mkono, kwa kuwa shilingi yake ni ya jasho na sina haki ya kuichezea. Kitu cha gharama, nilimwambia, kiwe cha kubebeka. Mkeka mzuri, pazia lililoshonwa refu na kukunjwa upindo ili dirisha la nyumba ijayo likiwa kubwa upindo ufumuliwe, rafu inayosimama kwa miguu yake na kufungwa kwa skrubu, ili ifunguke siku ya kuhama. Kitu kitakachobaki kiwe cha kazi zaidi kuliko pesa. Mfuko wa chokaa ni rahisi kuliko ndoo ya rangi. Loweka usiku kucha, chuja kwa kitambaa, funika mikono na macho kwa maana inachoma. Lowesha ukuta, paka nyembamba, ngoja, paka tena. Omba ruhusa kwanza, kwa maneno mazuri, na umwonyeshe mwenye nyumba kona moja kabla ya ukuta mzima.

Kisha nikafika kwenye swali lake. Nikamwandikia: Dada yangu, unauliza kwa nini. Una watoto wawili. Chumba hicho kwako ni cha kupita, lakini kwao ndicho nyumba ya utotoni, na hawatapewa nyingine. Utoto hauna mkataba wa kuongeza. Miaka 30 ijayo mmoja wao atafumba macho aone ukuta fulani. Kodi unayomlipa mwenye nyumba inakununulia ruhusa ya kulala humo. Hiyo nyingine, ya chokaa na sindano na msasa, ndiyo itakayoamua ataona nini. Ukihama hutaubeba ukuta, kweli. Ila mikono iliyojifunza kuupaka utaondoka nayo, na itaufungua mzigo katika nyumba inayofuata. Na yule atakayeingia baada yako atakuta mahali palipotunzwa, naye hatajua jina lako. Mimi nimelala katika vyumba vya namna hiyo. Niliwashukuru watu nisiowajua.

Niliisoma barua mara moja, nikaitia kwenye bahasha. Nikanyanyuka.

Brashi nilikuwa nimeiacha kwenye kopo. Nikaitoa, nikaikamua maji kwenye gazeti, nikaifuta kwa kitambaa. Nusu ya kushoto ya mlango nikaisugua kwa msasa kuzunguka kitasa, pale palipobabuka, mpaka mbao ikawa laini chini ya kidole. Nikafuta vumbi. Nikamfikiria msichana nisiyemjua, ambaye baada ya miezi michache atausukuma mlango huu asubuhi ya kwanza ya ndoa yake akitafuta jiko, na kiganja chake kitagusa hapa hapa.

Nikavuta brashi kutoka juu kwenda chini, nyembamba, bila kubonyeza. Rangi ya buluu ikaifikia kahawia, ikaifunika, ikaungana na nusu ya kulia. Ilipofika usiku wa manane mlango wote ulikuwa na mkono mmoja, na kahawia bado ilionekana kwa chini kama kitu kilichozama majini. Mkono wa pili nitaupiga kesho, wa kwanza ukishakauka.